Mawese Kwenye Tangi

Wajukuu zangu nikiwategea kitendawili hiki, "Anakunywa lakini hali, kiu ikimshika njiani, hata umpige teke hainuki," wanapiga kelele, "Motokari!" Ni sawa. Lakini mimi nimeona motokari iliyokataa kutembea na tumbo limejaa.

Ulikuwa mwaka wa embargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka kwa sababu ya vita. Esansi, yaani petroli ya gari, tulinunua ya magendo kutoka Uvira, ndani ya mabido, yale madumu ya plastiki. Mume wangu Massoudi alikuwa na gari kuukuu la Pejo, na siku ninayoisimulia ilikuwa na safari moja tu ya maana: kumchukua rafiki yangu Pascaline kule Gasenyi. Risasi zilikuwa zimelia huko, majirani zake wamekimbia, naye mguu mmoja umevunjika, umo ndani ya plasta. Saa kumi na mbili jioni barabara zinafungwa.

Hata mtaa wetu wa Buyenzi hatujautoka, Pejo ikakohoa mara mbili, ikazima. Tukaisukuma mpaka kwa Hamimu fundi. Saa nane hiyo.

Hamimu akafungua filtri inayochuja esansi, akaitazama. "Mzee Massoudi, tangi ni chafu. Nalishusha."

"We Hamimu, puliza tu mupira wa esansi, twende!" nikamkemea. "Mutu anatungoja."

"Nikipuliza itawaka, mama. Halafu itazima tena. Wapi? Mi sijui. We unajua?"

Nilijua. Njia yetu ilipita Kamenge, na siku zile pale si pa kusimama. Lakini hofu ilinipandisha hasira.

"Fundi gani huyu! Anafungua gari kama mutu anachambua muchicha!"

"Nitukane tu, mama. Mikono yangu haina masikio."

Akalishusha tangi, akaitoa esansi iliyokuwemo, akatia kokoto, maji na sabuni. Yeye akashika huku, Massoudi kule, wakalitikisa kama wenye ng'ombe wanavyotikisa maziwa ndani ya kibuyu. Wakamwaga. Ikatoka kutu kwanza. Kisha likatoka tope zito, jekundu, lenye harufu niliyoijua kabla hata sijaliona.

Mawese.

Wiki moja nyuma bido la Massoudi lilikuwa linavuja. Nikamsaidia: nikaihamishia esansi yake kwenye bido langu la mawese, bila kuliosha, maana sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafutwa. Kama Pascaline angekufa kule, mkono ungekuwa wangu.

Hamimu akachovya kidole, akanusa. Akanitazama.

"Nini hiyo?" akauliza Massoudi.

"Uzee, baba. Gari za zamani zinatapika hivi."

Akapita karibu yangu na ndoo, akasema chini chini, "Bido lile, mama, usilirudie."

Akalisuuza tangi kwa esansi yake mwenyewe, akatutilia na nyingine ya safari, wakati ambao kikombe kimoja cha esansi watu walikilinda kama dawa. Saa kumi Pejo ikanguruma.

Kamenge tulipita milango yote imefungwa, mimi nasoma kila sura ya Kurani niliyoijua, nazo si nyingi. Gari halikukohoa hata mara moja. Pascaline tulimkuta ameketi kizingitini na mfuko wake.

"Nilisema mutakuja," akasema. "Kisha nikasema apana, hawaji. Kisha nikaona aibu, nikasema tena mutakuja."

Tukamlaza kiti cha nyuma. Tukirudi nikamwambia Massoudi ukweli wote. Akacheka mpaka Pascaline akampigia kelele ashike usukani. Tuliingia Buyenzi mwadhini wa magharibi hajaanza.

Kwa Hamimu nilishuka, nikamwomba radhi mbele ya mafundi wenzake wote. Akainama kwenye injini nyingine, ameona haya kunishinda mimi.

Pascaline alikaa kwetu miezi saba. Kila asubuhi nilimsikia akigombana na Massoudi juu ya redio, nami kitandani nikasema alhamdulillahi, kisha nikalitaja jina la fundi.