Vidole vya Mama Pasi

Kazini walimwita Mama Pasi, na hawakumwita hivyo kwa kejeli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, kule chini kabisa ambako mabomba yanapita darini na kuta zinatoka jasho, akinyoosha mashuka, foronya na vitambaa vya meza. Wageni waliolalia kazi ya mikono yake walitoka kila pembe ya dunia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka, na tena, ukiacha kazini, hakuwahi kwenda popote peke yake. Iwe harusi, msiba au hospitali, aliongozana na dada yake mkubwa, aliyekuwa na mdomo wa kuwatosha wote wawili.

Kwa hiyo siku alipotangaza mezani kwamba likizo hii anapanda ndege kwenda ng'ambo kwa siku sita, dada mtu aliweka kijiko chini.

"Na nani?"

"Na begi langu."

"Unamfuata nani huko?"

"Simfuati mtu, dada. Nakwenda kutembea tu."

"Mtu mzima, una mjukuu, ukatembee! Hapa barabara zimekwisha?"

Shemeji yake, mume wa dada, hakuacha utani umpite. "Mwacheni," alisema. "Mama Pasi anatafuta pasi ya kusafiria." Akacheka mwenyewe mpaka akapaliwa na maji, ikabidi apigwe mgongoni.

Sababu ya safari hakuwaambia, maana ilikuwa ndogo mno kutetewa mbele ya dada. Mgeni mmoja alikuwa amesahau kalenda chumbani, mhudumu akataka kuitupa, Mama Pasi akaiokoa na kuitundika juu ya meza yake ya kunyooshea. Ukurasa wa mwezi wa sita ulikuwa na picha ya mji wenye mto na madaraja ya mawe. Kando ya mto, mchana kweupe, watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi hawafanyi chochote. Kila alipoinua macho aliwaona, na wao hawakuinuka. Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaingia, yeye hakufunua ukurasa.

Binti yake, mwalimu wa shule ya watoto wadogo katika mji mwingine, alimsaidia kwa simu. Alimtafutia hoteli ndogo, akamsomea fomu ya viza mstari kwa mstari, akamwandikia maneno ya lugha ya huko: habari za asubuhi, asante, choo kiko wapi, nimepotea. Mama Pasi aliyanakili kwenye karatasi, akayajifunza kazini, shuka moja neno moja, mpaka wenzake nao wakaanza kusalimiana kigeni.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Siku ya kuomba pasipoti, karani alimwambia aweke vidole kwenye kioo, akaweka. Karani akatazama skrini, akafuta kioo, akamwambia arudie. Mara ya nne akamshika mkono akautazama.

"Mama, alama zako zimekwenda wapi?"

Zilikuwa zimekwenda na sabuni, mvuke na moto wa pasi. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama kijiko. Mwishowe mashine ilikubali viwili kwa shingo upande, na karani akamuaga kwa maneno haya: "Huko uendako wakikuwekea mashine kama hii, usishangae ikikukataa."

Maneno hayo yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Hakumwambia mtu; dada yake angeyashika na kuyafanya ushahidi. Kila jioni akawa anapaka vidole mafuta, akivitazama kwenye mwanga kama anayetafuta mbegu iote.

Na kweli, lililomtisha ndilo lililomkuta. Ndege ilitua asubuhi. Kijana wa uhamiaji alimwelekeza kwenye kioo kidogo, taa ikawaka nyekundu. Akajaribu tena, nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Kijana akasema jambo ambalo halikuwamo kwenye karatasi ya binti, akamwonyesha benchi la pembeni.

Aliketi, begi miguuni. Watu aliosafiri nao wakapita mmoja mmoja, hata yule bibi aliyekoroma begani kwake njia nzima. Alijiona anarudishwa nyumbani kama shuka lenye doa. Alimwona dada yake akimpokea bila kusema neno, na kunyamaza kwa dada yake kulikuwa kubaya kuliko makaripio.

Baada ya muda akaja ofisa mwingine, mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Kulikuwa na lugha ya tatu ambayo wote wawili waliijua nusu nusu.

"Kazi yako?" aliuliza ofisa.

Neno halikuja. Mama Pasi akasimama, akashika pasi isiyokuwepo, akanyoosha hewa: kwenda, kurudi, akakunja pembe, akapiga mvuke. "Fsss!"

Ofisa akacheka kwa sauti. Akavishika vile vidole, akavigeuza, akatikisa kichwa kama daktari aliyeujua ugonjwa. Alitoa mkobani kichupa cha mafuta mazito, akampaka yeye mwenyewe, kidole baada ya kidole, bila haraka. Wakangoja. Kisha akamrudisha kwenye kioo, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Mama Pasi na kukandamiza.

Taa ikawaka kijani.

"Karibu," alisema ofisa, na mhuri ukashuka, pwa!

Mama Pasi alifika kwenye mkanda wa mizigo. Hakuwa na mzigo wa kungojea. Begi lake lilikuwa mkononi. Alikaa tu kwenye ukingo wa kigari cha mizigo akacheka peke yake huku machozi yakimtoka, na watu wakampisha kwa heshima, kila mtu na lake.

Chumba chake hotelini kilikuwa ghorofa ya tatu, chembamba, chenye dirisha moja refu. Kabla ya kufungua pazia alikagua kitanda. Pembe ya shuka ilikuwa imekunjwa kivivu na foronya ilikuwa na mkunjo katikati. Mkono ulimwasha. Kisha akajiambia, wewe mama, leo hili si shuka lako. Akavua viatu, akajitupa, akalala mpaka alasiri na mkunjo wake chini ya shavu.

Mazoea yana taabu. Asubuhi ya pili, mhudumu wa vyumba alipobisha hodi, alikuta kitanda kimetandikwa kama kaburi la mfalme, hata sarafu ingedunda juu yake. Mhudumu, mwanamke mnene mwenye mashavu mekundu, alisimama akakitazama. Akamtazama mgeni. Ghafla akalivuta shuka lote, akalitupa sakafuni, akaanza kufoka kwa lugha yake huku akinyoosha kidole mlangoni. Maneno hayakueleweka, lakini maana ilieleweka vizuri: toka, nenda ukatembee, mimi ndiye nafanya kazi hapa!

Mama Pasi alishuka ngazi anacheka.

Akatembea. Madaraja aliyakuta mahali pake, na mabenchi pia, yale yale ya kalenda. Dakika tano za kwanza kando ya mto zilikuwa ngumu. Mikono haikujua ikae wapi. Ya sita akawaona bata wawili wakigombea kipande cha mkate, akasahau mikono. Aliponyanyuka, kengele ilikuwa inapiga saa saba. Alikuwa ameketi saa mbili nzima, na hakuna chochote kilichoharibika duniani.

Siku ya tatu alipotea. Alipanda tramu, ile treni ipitayo barabarani, akashuka kusikojulikana, mtaa wa maghorofa ya rangi ya mchanga na duka la kutengeneza saa. Neno la kupotea lilikuwa tayari ulimini, alikuwa amelikariri kuliko yote, na bado hakulitumia. Aliona hana haraka. Alinunua supu na mkate kwenye mgahawa wenye meza nne, akala taratibu, akakunjua ramani. Hapo akaja mzee mmoja na mkewe, wageni kama yeye, wakamuuliza kwa ishara mto uko upande gani. Yeye aliulizwa njia! Aliigeuza ramani mara mbili, akaonyesha kushoto kwa mkono wa mtu mwenye uhakika. Kisha akawafuata kwa mbali ahakikishe kama hajawadanganya. Mto ulikuwapo.

Jioni hiyo, jua likiwa bado dirishani, simu ililia. Dada.

"Umeshakula?"

"Nimekula vizuri."

"Wanakusumbua?"

"Walinisumbua uwanjani kidogo. Yameisha." Akamsimulia habari ya vidole, yote, na ile pasi ya hewani, kisha ile tramu iliyompoteza. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni dada yake alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akashusha pumzi ndefu.

"Siku tatu hizi sijalala sawasawa," alisema dada. "Shemeji yako ndiye shahidi. Nilijua yatakupata makubwa, na mimi sipo." Kisha akauliza, "Hiyo tramu inafungua milango yenyewe?"

"Unabonyeza kitufe."

"Mimi ningeweza?"

Mama Pasi alitazama nje, watu wakitoka kazini, baiskeli zikipishana darajani. Alimpenda dada yake.

"Ungeweza kabisa, dada. Mwaka kesho uje." Akaongeza, "Lakini uje peke yako."

Upande wa pili likapasuka cheko ambalo Mama Pasi hakuwa amelisikia kwa miaka. Wakacheka wote wawili mpaka shemeji akasikika nyuma akiuliza kuna nini. Walipoagana, alichukua koti na ufunguo, akatoka kutafuta chakula cha jioni.