Wastani wa Saa za Kuzaliwa

Katika hospitali ya wazazi, mtunza kanzidata waliyempachika jina la Bi Takwimu hakuwa na mazoea ya kukosea. Na mtu mwenye mazoea ya kumwambia kwamba amekosea alikuwa mmoja tu: mkunga mkuu, ambaye pia alikuwa wifi yake.

Asubuhi ile wifi aliingia ofisini bila hodi, ripoti mkononi, glavu zikichungulia mfukoni.

"Wifi, eti watoto wa hospitali hii wanazaliwa saa sita na dakika nane mchana?"

"Kwa wastani. Ni mwaka mzima, watoto elfu nne na mia mbili."

"Na mimi miaka kumi na tisa nakesha na nani, na popo?"

Bi Takwimu hakucheka. Ripoti ilikuwa yake, na daktari mkuu alikwisha kuisoma. Saa nane mchana, kikaoni, angewahamishia zamu ya mchana wakunga watatu kati ya watano wa usiku. Wangebaki wawili, na vitanda vya kujifungulia ni sita.

"Kompyuta haina sababu ya kudanganya," alisema.

"Haina. Wala haijawahi kushika kichwa cha mtoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Wifi akavuta kiti. "Haya, mmoja kazaliwa saa tano usiku, mwingine saa saba. Katikati ni saa ngapi?"

"Saa sita usiku."

"Basi muulize huyo wako."

Akamuuliza. Kwa kanzidata, siku ilianza saa sita usiku, na hapo ndipo palipokuwa na sifuri yake. Saa tano usiku ilikuwa ishirini na tatu, saa saba ilikuwa moja. Jumla ishirini na nne, gawa kwa mbili, kumi na mbili: adhuhuri, jua la utosi.

Bi Takwimu alihisi masikio yakipata moto. "Nimejumlisha saa kama viazi," alisema taratibu.

"Mfundishe kuhesabu kuanzia alfajiri, kama watu."

"Hapo nitakuwa nimehamisha ufa, sijauziba. Mtoto wa saa kumi na moja alfajiri na wa saa moja asubuhi nitawapa wastani wa saa kumi na mbili jioni."

Wifi akatoa mfukoni gurudumu la karatasi ngumu, lile wakunga wanalotumia kukadiria tarehe ya kujifungua. Akalizungusha kwa kidole gumba. "Mimi Desemba na Januari hazijawahi kunisumbua. Zinakaa jirani."

Bi Takwimu alilitazama likizunguka. Duara halina mwanzo. Akageukia kibodi.

Alimweka kila mtoto kama nukta kwenye ukingo wa duara, siku nzima ikiwa mzunguko mmoja, kila dakika robo ya digrii. Sini ilimpa umbali wa nukta kwenda pembeni, kosini umbali wa kwenda juu. Umbali hujumlishwa bila ubishi. Akatafuta wastani wa kila upande, na tanjenti kinyume ikaigeuza jozi hiyo kuwa pembe, pembe ikawa saa. Swali zima kwa kanzidata lilikuwa mistari saba.

Jibu: saa sita kasoro dakika mbili, usiku.

Wifi alisoma mara mbili. "Sasa kikaoni sema mtambo uliharibika. Nitakuunga mkono, wewe ni mke wa mdogo wangu."

"Mtambo ulijibu nilichouliza. Swali ndilo nililolikosea."

Akayasema hayo hayo mbele ya daktari mkuu, kwa sentensi tatu, bila kupepesa. Daktari aliuliza jambo moja: kama wastani wa kwanza ulipotosha, huu wa pili auamini kwa nini? Bi Takwimu akamtandikia mchoro mezani. Upande wa usiku nukta zilibanana hadi zikawa weusi mtupu. Upande wa mchana karatasi bado ilionekana. Daktari akaukata uhamisho kwa kalamu, na badala ya kupunguza wakunga watatu wa usiku akaongeza mmoja.

Kwenye korido walisubiri wakunga watano ambao saa hiyo walipaswa kuwa wamelala majumbani kwao. Vigelegele vilivyopigwa viliwaamsha watoto wodi nzima.

"Umekiri kosa mbele ya mkubwa," wifi alisema, "hata jasho hukutoa."

"Mficha uchi hazai."

"Hiyo methali ni ya ofisi yangu. Irudishe."

Hapo Bi Takwimu alicheka, hadi akashika ukuta.