Mteja Hatumwi

Mwanangu ana akili. Nalisema hilo mapema, maana nikishaanza kusimulia mtadhani nimezaa gogo. Ana akili, ila ziko mbali na miguu yake. Tangu utotoni alikuwa hodari wa kuongea, mtaa mzima ukamwita Kipaza, naye akakua akidhani kuongea ndiyo kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea sebuleni, na mwezi ule nilikuwa na oda ya sare sitini za shule. Mwalimu mkuu aliniambia bila kupepesa macho: Ijumaa saa nane mchana asipozikuta zote, kazi ya mwakani anampa fundi mwingine. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha huyo Kipaza. Sikuwa na mchezo nayo.

Basi akaja na wenzake wawili wa chuo. Mmoja Miwani, mwingine binti tuliyemwita Takwimu kwa sababu hakuweza kuomba maji ya kunywa bila kutaja asilimia. Wakasukuma vitambaa vyangu pembeni, wakabandika makaratasi ukutani na kuanza kuchora mishale. Mteja, mshale, programu ya simu, mshale, mfumo, mshale, mlango wa mteja. Walikuwa wamebuni huduma ya kuzipelekea vyakula familia zisizo na nafasi ya kwenda sokoni. Chuo kingewapa muda waieleze mbele ya majaji, na watakaoshinda wangepewa ofisi na mtaji wa kuanzia.

"Sokoni anakwenda nani?" nikauliza, pini mdomoni.

"Hiyo inashughulikiwa na mfumo, Mama," akasema Kipaza.

"Huo mfumo una miguu?"

Wakacheka kile kicheko cha wasomi, cha kumhurumia mtu. Jioni yake mwanangu akaja peke yake, sauti imelainika. "Mama yangu mzuri, ni majaribio ya wiki mbili tu. Na soko lile nani analijua kama wewe?" Nami mjinga nikaitikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwana naye anajua pa kuubonyeza.

Loo! Kuanzia kesho yake, saa kumi na moja alfajiri simu inalia ting. Familia ya kwanza inataka nyanya, vitunguu na mayai. Ting. Familia ya pili inataka viazi, ila visiwe na macho. Ting. Kuna daktari anataka ndizi zitakazoiva Jumatano, wala si Jumanne. Nabeba kapu, nachagua, nagombana na wauzaji, narudi, napanga kila oda kwenye mfuko wake, na mwenye bodaboda anakuja kuchukua. Huyo alilipwa kila siku bila maneno, maana hakumzaa mtu yeyote katika kampuni ile. Nikija kukaa kwenye cherehani ni saa nne, mgongo umekwisha kazi. Familia za watu zilipumzika vizuri sana. Sare zangu zikasogea kwa kutambaa. Jumatano ya wiki ya pili, jioni, zilikuwa zimebaki kumi na tisa.

Jioni hiyohiyo Kipaza akaniletea kadi ya mwaliko.

"Mama, kesho vaa vizuri. Utasimama utoe ushuhuda, kama mama mwenye shughuli nyingi aliyesaidiwa na huduma yetu."

"Nimesaidiwa na nani?"

"Mama, ni dakika mbili tu."

Nilitaka kumrushia kiatu. Lakini mtoto wangu kusimama mbele ya wakubwa, jamani, na mimi nisiwepo? Nikavaa gauni langu la bluu nikaenda, sare kumi na tisa zikinilia huko nyuma.

Ukumbi ulikuwa baridi, viti vyekundu, maji ya chupa kila mahali. Nilikaa safu ya tatu. Majaji walikuwa watatu, na mkubwa wao mama mmoja mnene mwenye maduka yake, anayesikiliza huku amefumba jicho moja. Kipaza akapanda jukwaani na suti ya kuazima. Mtoto aliongea! Alizieleza familia zenye shughuli nyingi hadi nikazionea huruma. Takwimu akamwaga asilimia zake. Miwani akabonyeza picha, mishale ikaruka ukutani, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu. Siwezi kusema uongo, nilijivuna.

Ndipo Kipaza akasema, "Waheshimiwa, msituamini kwa maneno. Agizeni sasa hivi. Mzigo utafika hapa ndani ya dakika thelathini."

Yule mama wa maduka akatoa simu. "Haya. Nyanya kilo moja, mayai trei moja, parachichi tatu za kuliwa leo." Akabonyeza. Ukutani ikatokea saa kubwa inayohesabu kurudi nyuma.

Ting, ikalia ndani ya mkoba wangu.

Safu nzima ikageuka kunitazama. Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akanitazama, na pale pale nikaona rangi inamtoka usoni, kwa sababu ndiyo kwanza ilimwingia akilini. Wasomi watatu, wiki mbili za mishale, na hakuna aliyekumbuka kwamba mama waliyemwalika akae kama mteja ndiye huyohuyo anayekwenda sokoni. Akaanza kunionyesha mlango kwa kidevu. Kidevu kinakwenda, kinarudi, kama mbuzi anayetafuna.

Moyo wa mama ni mpumbavu. Nilikwishashika mkoba. Nilikwishanyanyuka nusu.

"Swali," akasema mama wa maduka. "Anayekwenda kuchagua hizo nyanya mnamlipa kiasi gani?"

Kipaza akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Hapo ndipo ulipo ubunifu wetu. Gharama ya kuchagua ni sifuri. Mfumo unajiendesha wenyewe."

Makofi yakalipuka. Majaji wawili wakaandika. Mimi nikakaa chini taratibu. Iliniuma, siwafichi. Iliniuma kuliko ile siku nilipojichoma sindano ya cherehani ikatokea upande wa pili wa kidole.

Takwimu, maskini, akafuata ratiba. "Sasa tumsikilize mmoja wa wateja wetu, mama mwenye shughuli nyingi." Akaniletea kipaza sauti.

"Mama, huduma hii imekusaidiaje?" akauliza mama wa maduka.

"Imenisaidia kuamka saa kumi na moja," nikasema.

Kicheko kikaanzia nyuma.

"Nina sare kumi na tisa sijazishona, zinatakiwa kesho. Na oda yako, mheshimiwa, imeingia humu mkobani. Anayekuchagulia nyanya ni mimi. Lakini leo nimealikwa kama mteja, na mteja hatumwi."

Ukumbi wote ukacheka, isipokuwa wanne. Watatu walikuwa jukwaani, na wa nne mimi. Mama wa maduka akafumbua lile jicho. "Kijana, saa yenu inakwenda."

Kipaza akaruka kutoka jukwaani akatoka mbio na suti ya watu. Alirudi dakika hamsini baadaye, jasho tupu, mayai manne yamepasuka, na parachichi ngumu za kumvunjia mtu dirisha. Kumbe mwanangu hajawahi kuchagua parachichi maishani mwake. Mama wa maduka akaigonga moja mezani, ikalia ko. Walitoka wa mwisho.

Nilijua atarudi nyumbani amenuna. Alirudi anatabasamu. "Mama, tumekaa tumetafakari. Kosa tumeliona." Akafungua kompyuta. Picha yangu, na chini yake: Mkuu wa Shughuli zote za Soko.

"Mshahara?" nikauliza.

"Kwa sasa ni cheo tu. Ila kesho kuna oda nane, Mkuu."

Nilicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke. "Vizuri. Mkuu huwa haendi, Mkuu hutuma. Kapu hilo hapo. Saa kumi na moja uwe mlangoni."

Akadhani natania. Alfajiri nilimvuta shuka. Akaenda, na simu yangu nikampa aende nayo. Nikakaa kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili nikashona asubuhi nzima bila kuinuka. Pamoja na nilizoshona usiku, saa nne nilikuwa nimebakiza sare mbili.

Akaingia na kapu, matope hadi magotini, shati limechanika mfukoni. Akakaa sakafuni. Aliyaangalia mapindo ya sare kwa muda mrefu kama mtu anayeyaona mara ya kwanza.

"Mama," akasema, "kumbe hivi vyote ulikuwa unavifanya kabla mimi sijaamka?"

"Na kabla sijaanza kazi," nikamjibu.

Akavuta sare moja isiyo na vifungo akaiweka mapajani. Nikamsogezea kopo la vifungo na sindano.