Hodi Ndani ya Buti

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Kazungu aliketi juu ya kreti la soda kwenye gati la kampuni ya wazamiaji, mwendo mfupi kutoka kivuko cha Feri, akavaa soksi jozi mbili na kuanza kufungia vidole vyake vipande vya sponji. Ulikuwa mwaka 1994. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuzamia na kukagua pangaboi linalosukuma meli ya kubeba saruji.

Maji ya pale hayana baridi, ila yana mafuta na kila kinachotoka vyooni mwa meli, na mzamiaji akiyameza huharisha wiki nzima. Ndiyo maana kampuni ilinunua suti kavu, vazi la mpira linalomfunika mtu kuanzia shingoni hadi nyayoni bila kuingiza maji, buti zikiwa zimeunganishwa nalo. Ilikuwa moja tu, ya mtumba, kutoka nchi za baridi ambako watu wana miguu ya kutisha. Buti zake zilikuwa namba kumi na moja. Kazungu alivaa namba saba.

Buti kubwa si kero tu. Ndani ya suti mna hewa, na mzamiaji akiinama kichwa chini, hewa hukimbilia miguuni. Mguu uliokaa vizuri hustahimili. Mguu unaopwaya huchomoka, buti huvimba, na mtu hupaa miguu juu asiweze kujigeuza. Hivyo ndivyo alivyoibuka Chonga, mzamiaji mwenzake, mwezi wa Machi, na walipomgeuza alikuwa ameshakufa. Ofisi ilibandika karatasi ukutani: marehemu hakuvaa soksi za kutosha, kwa hiyo ni uzembe wake. Suti ikasuuzwa kwa maji ya bomba, ikaanikwa, na siku ya tatu akapewa Kazungu.

Kazungu aliogopa. Aliogopa akinywa chai, aliogopa akipanda ngazi za chumba chake cha kupanga kule Kuze, na akikaribia duka la viatu alivuka barabara. Alikuwa ameandika barua kuomba buti namba saba. Kila Jumatatu alimuuliza msimamizi, Bwana Wekesa, na kila Jumatatu aliambiwa barua iko mezani.

Asubuhi hiyo alitia mguu wa kulia ndani ya buti akakuta mna vidole. Akautoa, akavihesabu vyake, vilikuwa vitano kama kawaida. Akamwita Athmani, mshika kamba wake, mtu mzima wa Mji wa Kale aliyeshusha wazamiaji wengi kuliko anavyokumbuka. Athmani akamulika tochi ndani ya buti la kulia, kisha la kushoto.

"Ni Chonga," alisema. "Soksi hizi ndizo alizofumiwa na mkewe. Kijivu, na mstari wa kijani."

"Yumo mzima?"

"Miguu tu." Akaingiza kidole, akahesabu mikunjo ya soksi penye kifundo. "Jozi tatu. Moja juu ya nyingine."

Karatasi ya ofisi ilikuwa nyuma yao, na hakuna aliyehitaji kugeuka kuisoma.

"Sasa mimi mguu wangu niutie wapi?" Kazungu akauliza.

"Umeingia kama mwizi, yakhe. Ndani mna mtu. Piga hodi."

Kazungu akainamia buti akapiga hodi. Kwa desturi mtu hupiga mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka, na Kazungu alitamani sana asijibiwe. Lakini Chonga siku zote alikuwa mzito wa asubuhi. Kwa hodi ya tatu vidole vikasogea upande, mguu wa Kazungu ukaingia, ukakaa. Haukubana wala haukupwaya. Alitembea gatini hatua nne na kisigino hakikuinuka.

Chini ya meli aliinama kichwa chini kukagua pangaboi, na hewa ilipoanza kukimbilia miguuni, miguu ya Chonga ikaishikilia yake. Alikaa huko dakika arubaini na hofu haikumtoka hata dakika moja. Alijiuliza mwezi ule wa Machi ni nani aliyekuwamo humo wa kumshikilia Chonga, na jibu alilijua.

Jioni alikwenda ufukweni Mama Ngina, ambako Sidi, mjane wa Chonga, alikuwa akikaanga mihogo. Akamsalimu, akangoja wateja wawili waondoke.

"Shemeji, Chonga yumo butini."

Sidi aligeuza mihogo. "Na soksi?"

"Tatu."

"Nilimwambia avae tatu." Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema ni pilipili. "Basi waiandike upya ile karatasi. Wanangu wanajua kusoma."

Asubuhi iliyofuata Sidi alikuja gatini. Bwana Wekesa alimpa kiti, akampa pole kwa mara nyingine, akavaa miwani na kumulika ndani ya buti. Alihesabu mara mbili. Alikubali kwamba soksi ni jozi tatu. Alikubali pia kwamba miguu ni ya Chonga.

"Lakini karatasi ilishapigwa muhuri, mama," alisema. "Na mwenyewe hajaleta malalamiko."

"Basi nipeni miguu yake nikazike."

Hilo nalo, alisema, kwa sasa lingekuwa gumu, kwa sababu suti ina kazi kila siku na buti ndiyo kwanza zimemwenea mvaaji. Akaichukua barua ya Kazungu mezani, akaandika juu yake "Zinatosha", akaitia kwenye faili. Sidi aliinamia buti, akasema maneno machache kwa Kigiriama, kisha akarudi kwenye mihogo yake.

Alhamisi akaja mzamiaji mpya kutoka bara, jina lake Bonface, anayevaa namba sita. Kazungu alimfundisha hodi. Bonface akapiga mara tatu kwa adabu, akapishwa, akaingia. Bwana Wekesa akabonyeza ncha ya buti kwa kidole gumba, kama mzazi anayemnunulia mtoto viatu vya shule.

"Bado pana nafasi," alisema. "Kidogo tu."

Akaitazama miguu ya Kazungu, akamuuliza anavaa namba ngapi, ingawa alikuwa na barua yake.

"Saba," Kazungu akajibu.

Bwana Wekesa akaandika. "Kesho utashuka wewe," alisema.

Kesho yake Kazungu alikuja na soksi jozi nne. Tatu zilikuwa zake. Ya nne ilikuwa ya kijivu yenye mstari wa kijani, na Sidi ndiye aliyempa. Alizivaa moja moja bila haraka, akamwomba Athmani ahesabu kwa sauti ili Bonface asikie, na Bwana Wekesa pia, aliyekuwa dirishani. Zilimbana mpaka vidole vikafa ganzi, lakini alitaka zihesabiwe.

Athmani alipofika nne, Bwana Wekesa alifunga dirisha, maana upepo ulikuwa unaleta vumbi la saruji.

Kazungu akainamia buti, akapiga hodi. Safari hii alijibiwa kwa hodi ya kwanza tu, na alipotia mguu alikuta ameshawekewa nafasi yake.