Mti Wenye Sura ya Bi Majani

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Bi Majani alimwomba dereva asimamishe gari akachimbe dawa. Dereva, ambaye aliitwa Breki kwa sababu hakupenda kuzitumia, alisimama nusu kilomita mbele. Bi Majani akapanda kilima kwa haraka ya mwenye haja, akachuchumaa nyuma ya mti mfupi wenye majani yanayong'aa, na papo hapo, kwa mazoea ya kazi, akaanza kuutambua.

Majani yalikaa mawili mawili, yakitazamana kama maharusi waliogombana. Alivunja kijiti, hakikutoa utomvu. Alifikicha jani, akanusa: harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Matunda meusi, matatu matatu. Juu, jani liling'aa kama kipara kilichopakwa mafuta.

Miaka thelathini na moja alikuwa akikusanya mimea kwa ajili ya ofisi inayotunza mimea mikavu, na hadi asubuhi hiyo hakuwahi kukutana na mti asioujua ukoo wake. Alijifunga kanga vizuri, akamwita Breki.

Breki alilitumia jani moja kama kioo ili aweke kofia sawa. Akaona uso wa Bi Majani.

"Mama, huu mti una sura yako."

"Mimi ndiye niliyeutambua. Ulitaka uwe na sura ya nani, shangazi yako?"

"Hapana, mama. Hii hii inatosha."

Walikagua majani arobaini. Yote yalikuwa na Bi Majani. Alipopiga chafya, zilipigwa chafya arobaini. Aliandika kwenye daftari: "Jani linang'aa, linaonyesha aliyelitambua." Kisha akakata matawi mawili, akayalaza ndani ya gazeti na kuyakandamiza kati ya mbao.

Kwa kawaida jani likikauka hufifia. Hili baada ya siku tisa liling'aa vilevile, ila uso ulikuwa umepanuka kidogo kwa kubanwa, kama wa mtu aliyelalia mkono. Bi Majani alilibandika kwenye karatasi ngumu. Kona ya chini ilibaki nafasi ya lebo, na kwenye lebo kulikuwa na mstari wa "Mkusanyaji".

Hapo ndipo penye mfupa. Gari la ofisi lilitoka kwa saini ya Mkuu wa Idara. Kwa hiyo, kwa utaratibu wa miaka yote, kilichorudi na gari kilikuwa kimekusanywa na Mkuu. Kabati zilikuwa na mimea elfu sita aliyoileta Bi Majani, na yote ilikusanywa na Mkuu, mtu ambaye mara ya mwisho kupanda kilima alikuwa amebebwa mgongoni na mama yake. Bi Majani alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi.

Alimpelekea karatasi mezani.

"Moja tu, Mkuu. Niandike hata kwa penseli."

"Bi Majani, wewe ni kama mama yetu hapa."

"Basi mama yenu anaomba jina."

"Gari lilitoka kwa saini yangu."

"Na mimi nilichuchumaa kwa saini ya nani?"

Mkuu aliinamia jani.

"Mbona nakuona wewe?"

"Ndivyo lilivyo."

Akatoa leso, akalifuta. Bi Majani wa kwenye jani akafumba macho mpaka alipomaliza.

Kesho yake Mkuu alikwenda kilimani mwenyewe, na viatu vyake vya ncha kali. Alizunguka mti mzima, jani kwa jani, akitafuta walau moja lenye uso wake. Ilikuwa saa ya chai, na kule ofisini Bi Majani alikuwa ameketi na kikombe chake. Majani yote yalikuwa yanakunywa chai. Mengine yalikuwa yanapuliza kwanza.

"Anakaribisha?" Breki aliuliza kutoka kwenye gari.

"Washa gari," alisema Mkuu.

Jioni alijaza lebo. Mti aliupa jina la mama mkwe wake, ambaye walikuwa hawasemezani, na kwa jambo hilo walipatana. Kwenye mstari wa mkusanyaji aliandika jina lake, kwa wino. Bi Majani aliagwa kwa hotuba na saa ya ukutani. Katika hotuba Mkuu alimwita nguzo, na ni kweli, maana nguzo nazo hazina majina.

Karatasi ipo kabati la kumi na nne, rafu ya pili. Kila mwaka wanafunzi huletwa kujifunza kutambua mimea. Wakiifungua asubuhi humkuta Bi Majani nyumbani kwake akichambua mboga. Wakiifungua baada ya saa nane amelala, mdomo wazi. Akiwa macho, humwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, kwa kuwa chumba cha kabati ni kama maktaba, naye hujibu. Midomo inaonekana wazi ikisema marahaba. Halafu hupima urefu wa jani kwa rula, pembeni kidogo ili wasimzibe uso, na kunakili lebo.

Mwaka jana mmoja aliandika Bi Majani kwenye mstari wa mkusanyaji. Alikatwa alama mbili, kwa kutosoma lebo.