Uso wa Mama

Asije mtu akakudanganya kwamba nilimwomba kaka yangu Philemon msamaha. Sikumwomba. Yeye ndiye aliyeuza kihamba, shamba letu la migomba alikozikwa mama, bila kunishirikisha. Nikaapa sitakanyaga kwake Wembley, na sisi Wachaga ugomvi wa kihamba haumalizwi kwa chai.

Shida ilikuwa binti yangu, Elinaja. Ni mchoraji, kazaliwa hapahapa Tottenham, na safari hii alikuwa anachora ukoo wetu mzima kwa ajili ya maonyesho. Aliyebaki bila uso ni bibi yake tu. Mama alifariki mimi nanyonya, picha yake hatuna hata moja, na anayemkumbuka ni Philemon peke yake.

"Basi nitamwalika mjomba," Elinaja akasema, kwa Kiingereza chake.

"Mwalike. Mimi simo."

Mtoto huyo akanunua sokoni mmea wa sale, ambao huku watu huuweka sebuleni kama pambo. Akachuma jani, akalipiga fundo kama alivyoona kwenye picha za nyumbani, akalifunga kwenye kadi ya mwaliko, akatuma. Yeye aliona linapendeza. Hakujua kwamba ukimpelekea Mchaga jani la sale lenye fundo, umemwomba msamaha, na hakuna anayethubutu kulikataa.

Jumamosi nafungua mlango, namkuta Philemon kalishika jani kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Sesilia mdogo wangu, umenitangulia. Mimi ndiye niliyekukosea, halafu wewe ndiye unaleta sale."

Ulimi ukaniwasha kumwambia kwamba hayo ni mambo ya mtoto. Lakini nilikuwa nimemkumbuka mno kaka yangu. Nikasema, "Karibu ndani."

Elinaja akampeleka kwenye turubai alilokuwa anachorea. "Mjomba, bibi alifananaje?"

Philemon akaitazama ile nafasi tupu, kisha akanigeukia mimi, akanikodolea macho mpaka nikaona haya.

"Waniuliza nini na unaishi naye? Mchore mama yako. Ni yeye mtupu, hata anavyokunja paji akinuna."

Nikaingia bafuni, nikasimama mbele ya kioo. Nililia, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na Philemon. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, nikamwamkia mama yangu.

"Shikamoo."