Nukta Iliyokaa Baharini

Jumanne saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na boti ya abiria Bahati Njema imelalia ubavu kwenye tope la Nyamisati, Wilhelmina alikuwa amelala kifudifudi chini ya kiti cha nahodha, tochi mdomoni, akifunga fyuzi. Alikuwa ametoka Kibiti kwa bodaboda tangu alfajiri, begi la vifaa mgongoni. Kazi yenyewe ilikuwa kufunga kifaa cha kufuatilia boti pamoja na king'ora cha wezi. Mwezi uliopita injini mbili zilikuwa zimenyofolewa hapo hapo bandarini mchana kweupe, na mwenye boti, Bwana Benedict, hakutaka yake iwe ya tatu.

Kazi ya mikono yake ilipendeza kutazama. Fyuzi aliiweka shubiri moja tu kutoka kwenye betri, ili hitilafu ikitokea isipate nafasi ya kutembea. Kila kiungo alikilehemu, akakipaka grisi, akakivika mpira unaojibana ukipashwa moto. Kabla waya haujaingia kwenye kisanduku cha kifaa, aliuachia kwanza ulegee chini kama tumbo la kitanda cha kamba, ndipo akaupandisha, ili tone la maji ya chumvi likiteleza juu yake liishie kwenye kipindo hicho na kudondoka. Mwisho, upande wa ndani wa kifuniko, aliandika tarehe na jina lake kwa kalamu ya wino usiofutika. Alifanya hivyo kila alipofanya kazi. Mwalimu wake wa chuo alikuwa amemwambia kwamba fundi asiyeandika jina lake ameshajiandaa kukana.

Nahodha Kibwana alikaa ukingoni akimtazama, miguu ikining'inia.

"Fundi, huo waya umeuning'iniza wa nini? Umebaki?"

"Haujabaki, nahodha. Ni wa maji kudondokea."

"Maji ya huku hayadondoki, mwanangu. Yanapanda."

"Yakipanda yatanikuta nimeziba."

Kibwana alicheka, akakubali.

Saa tano Wilhelmina aliwasha kifaa, akasubiri taa ya kijani, akafungua ramani kwenye simu yake. Nukta nyekundu haikuwa Nyamisati. Ilikuwa baharini, nje ya mdomo wa mto, kwenye njia ya kwenda Mafia, na haikusogea.

Alipima betri kwa mita. Alikagua antena, ambayo ilitazama mbingu bila kizuizi. Alikifungua kifaa, akakibeba pamoja na betri ndogo hadi kwenye banda la chai lililoko juu ya tope, na nukta ikawa Nyamisati, kwenye banda la chai. Alikirudisha botini, nukta ikarudi baharini. Alirudia mara tatu, kwa sababu alifundishwa kurudia mara tatu.

Kibwana aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake.

"Hapo ndipo penyewe," alisema. "Kifaa chako kizima."

Akamweleza, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia abiria saa ya maji kujaa. Boti hii zamani iliitwa Tuheshimiane. Alhamisi moja ya mwaka jana ilibeba watu ishirini na sita badala ya kumi na wawili, ikapinduka pale penye nukta. Kumi na tisa waliokolewa. Majina ya abiria hayakuwa yameandikwa popote, kwa hiyo Bwana Benedict alipoulizwa na serikali aliandika orodha ya waliopotea sita, wale ambao ndugu zao waliwasindikiza hadi majini na kuwaona wakipanda. Baadaye boti ilivutwa, ikapakwa rangi, ikapewa jina jipya, na Kibwana akaajiriwa. Ikilowa, herufi za jina la zamani hujitokeza chini ya zile mpya. Hakuna aliyewahi kulizungumzia jambo hilo, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiliona.

"Na wa saba?" aliuliza Wilhelmina, ambaye alikuwa amepiga hesabu kichwani.

Kibwana aliashiria banda la chai kwa kidevu.

Mwenye banda aliitwa Mwanaharusi. Mumewe, Husseini, alitoka nyumbani amechelewa siku ile, akakimbia peke yake kwenye tope, akarukia boti ikiwa inaondoka. Hakuna aliyemwona ila yeye Mwanaharusi, tena kwa mbali, mgongo tu. Bwana Benedict alisema mgongo si ushahidi, na kwamba mtu huyo bila shaka amekwenda Mafia kuoa. Hivyo kwa mwaka mmoja na miezi miwili Mwanaharusi hakuwa mke wala mjane. Shehe Miraji alimwambia kwa upole kwamba hawezi kumwita mjane bila yakini. Wanawake wenzake hawakuwa wapole kiasi hicho.

"Mumeo yuko Mafia, Kilindoni, anakandwa mgongo," walimwambia.

"Basi aje nimkande na mimi," alijibu. "Nina mchi."

Sasa alikuja na birika, kwa sababu alimwona fundi akizunguka na jua limeshapanda. Kibwana akamwonyesha nukta. Mwanaharusi aliitazama, kisha akamimina chai.

"Kumebaki jaribio moja," alisema Wilhelmina.

Kifaa kilikuwa na kinasa sauti kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. Mwenye boti akiipigia simu laini iliyomo ndani, boti hupokea yenyewe, naye husikia yanayotendeka humo. Wilhelmina alimwomba Kibwana ashuke. Boti ikabaki tupu. Akapiga, akaweka sauti ya nje.

Ilisikika injini, ijapokuwa injini ilikuwa imezimwa. Yakasikika maji yakipiga ubavu, watu wengi wakizungumza kwa pamoja, mwanamke akiuliza kama kuna mwenye tangawizi. Kisha mwanamume akakohoa mara mbili na kushusha pumzi.

"Jamani sogeeni kidogo, nimekalia ncha ya bati."

Mwanaharusi aliweka birika chini.

"Huyo ni Husseini," alisema. "Na bati ni la paa la jiko langu. Alilibandua asubuhi ile ampelekee mama yake Mafia, jiko lake linavuja. Mimi nikamwambia, langu je? Tuligombana, ndiyo maana akachelewa."

Walisikiliza mpaka salio lilipokwisha.

"Akisemeshwa, anasikia?"

"Hapana, mama. Kisanduku kina sikio tu. Hakina mdomo."

"Mwenzake alikuwa na mdomo tu, sikio hana," alisema Mwanaharusi. "Wamefaana."

Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaenda kumwita Shehe Miraji.

Habari zilimfikia Bwana Benedict, naye akafika kabla ya shehe, kwa sababu alikuwa na gari. Alisikiliza boti yake mwenyewe kupitia simu yake mwenyewe, akaikata. Kisha akamvuta Wilhelmina pembeni na kumfunulia fomu ya kazi.

"Binti, andika hapa kwamba ulikosea kuunga waya. Mstari mmoja tu. Kukosea si dhambi."

"Si dhambi, bosi. Ila sikukosea."

"Nina boti nne nyingine. Zote zilikuwa zako. Na wenye boti wa huku wote tunakaa meza moja."

Wilhelmina alikuwa na miezi minane tu tangu amalize chuo, na chumba cha kupanga Kibiti, na mama yake huko Mbinga aliyekuwa akimtaja kanisani kila Jumapili. Alizitaka zile boti nne. Alikwisha kuziota, kila moja na kisanduku chake na waya zake zilizolala vizuri. Akaikunja fomu, akamrudishia.

Shehe Miraji alifika akiwa ameshika viatu mkononi, akapanda botini, akapiga magoti chini ya kiti, akafungua kifuniko cha kisanduku, akamulika. Alikaa huko muda wa kutosha kusoma kila kitu.

"Hili ni jina lako?"

"Ni langu, shehe."

"Ingekuwa waya umelegea, kinachosikika humu kingekuwa kelele tu?"

"Ndiyo. Au kisingesikika kitu."

"Uko tayari kuapa kwamba haukulegea?"

"Sina haja ya kuapa, shehe. Vuteni."

Shehe akavuta waya mmoja. Kibwana akavuta mwingine. Bwana Benedict alivuta mbili, mmoja kila mkono, akiwa amekita mguu kwenye ubao. Hakuna uliotoka.

Boti ilipigiwa tena, kwa salio la shehe safari hii. Husseini alikohoa mara mbili, akaomba watu wasogee.

"Yakini imepatikana," alisema Shehe Miraji. "Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa tangu siku ya kifo. Kwa hiyo yako ilikwisha mwaka jana."

Hivyo, kati ya adhuhuri na alasiri, Mwanaharusi alikuwa mke, akawa mjane, akawa mwanamke aliyemaliza eda.

"Sikupewa hata siku moja ya kuikaa?" aliuliza.

"Umekaa mwaka na ziada, mwanangu. Hukuambiwa tu."

Baada ya alasiri Husseini alisaliwa sala ya maiti asiye na mwili. Wale wanawake wa maneno ya mgongo walikuja na mchele, wakapika. Bwana Benedict na Wilhelmina, ambao si Waislamu, walisimama nje ya msikiti. Bwana Benedict alivua kofia.

Jina la saba hakuliongeza. Orodha ilibaki na watu sita, kwa maelezo kwamba ilikwisha kupelekwa serikalini. Zile boti nne zilifungwa vifaa na fundi mwingine, ambaye haandiki jina. Bahati Njema iliendelea kubeba watu ishirini na sita, na siku za sikukuu thelathini. Kisanduku hakikuondolewa, maana wezi walikoma kuikaribia boti ile. Nukta haikuhama.

Abiria ndio waliobadilika kidogo. Ilianza bila mtu kuagiza. Mtu akipanda, kabla ya kutafuta pa kukaa, huinama kwenye kiti cha nahodha na kukiambia kisanduku jina lake, la baba yake na la kijiji anakotoka. Wazee hutaja na ukoo. Kibwana hungoja mpaka wa mwisho amalize ndipo awashe injini. Bwana Benedict hakukataza, kwani haikumpunguzia abiria hata mmoja.

Alhamisi moja Mwanaharusi alifunga banda, akapanda na bati jipya kichwani.

"Mama, hilo utaliweka wapi?" alisema Kibwana. "Tumeshajaa."

"Nitalikalia. Ni mila ya nyumbani kwetu."

Akainama. "Mwanaharusi binti Salumu, wa Nyamisati. Nina bati la mama mkwe."

Wilhelmina alikuwa dukani kwake Kibiti, akilehemu redio ya mtu. Alikuwa ameombwa na Mwanaharusi apige simu boti itakapotoka mtoni, na kwa kuwa saa ya maji kujaa aliijua, aliijua na saa ya kupiga. Kwenye ramani nukta ilikuwa mahali pake. Kila Alhamisi, kwa muda wa kama dakika mbili, boti hupita hapo hapo, na kwa dakika hizo mbili ramani huwa sahihi kabisa.

Boti ikapokea. Watu walikuwa wengi kuliko ishirini na sita. Mtu akakohoa mara mbili, akashusha pumzi.

"Jamani sogeeni kidogo, nimekalia ncha ya bati."

"Kaa tu," ikasikika sauti ya Mwanaharusi, karibu sana na kisanduku. "Hili nalipeleka mimi."

Injini ikaendelea, na boti ikapita ikiwa imedidimia kwa uzito, maji karibu na ukingo. Nukta ilibaki pale ilipokuwa. Wilhelmina akaweka simu kifudifudi, akarudi kwenye redio, na alipomaliza akaandika jina lake ndani ya kifuniko.